Gari ni la mkewe, lakini hataki nimpigie simu

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni fundi wa funguo za magari. Nachonga funguo, nafufua rimoti, na usiku na mchana naitwa kuwafungulia watu waliofungia ufunguo ndani. Kazi hii naipenda. Nimeajiriwa na mzee aliyenifundisha, na dukani tupo mafundi wawili, mimi na mwenzangu aliyenitangulia.

Juzi usiku nilipigiwa na mwanamume akiwa kwenye maegesho ya hoteli. Akasema amefungia ufunguo ndani ya gari, niwahi. Nilipofika nilimkuta amesimama mbali na gari, karibu na ukuta, akanionyesha kwa kidole. Nikamulika tochi ndani, ufunguo sikuuona, wala kwenye swichi wala kwenye viti. Nikamuuliza uko wapi, akasema labda upo ndani ya mkoba. Mkoba wa nani? Wa mke wangu.

Nikaomba kadi ya gari. Akanionyesha picha kwenye simu, na jina lililoandikwa ni la mwanamke, hata jina la ukoo si lake. Akasema ndiye mkewe, gari wamelinunua wote wawili. Nikamwambia hakuna shida, tumpigie mama mwenyewe aniambie neno moja tu, nafungua. Hapo akabadilika. Kwanza mkewe alikuwa amelala na hataki kusumbuliwa. Kisha simu ya mkewe ilikuwa imezima chaji. Kisha akataja malipo mara mbili ya yale tuliyopatana. Nilipokataa alinitukana matusi mazito na kuahidi kuniharibia jina. Nikafunga mkoba wangu wa vifaa, nikaondoka.

Asubuhi nilipowasimulia, mwenzangu alisema: "Sisi ni mafundi, si polisi. Usipofungua wewe atafungua mwingine, na hela atakula yeye." Bosi hakunigombeza, ila aliniuliza kama duka litalipa kodi kwa kuwahoji wateja. Neno hilo halijanitoka moyoni.

Kuna lingine, Mjomba. Amekuja kijana dukani anataka ufunguo mpya wa gari la marehemu baba yake. Anasema funguo zote zimepotea. Ana kadi yenye jina la baba na cheti cha kifo. Anasema ndugu zake wanachelewesha mambo na yeye gari analihitaji mapema. Nimemwambia arudi wiki ijayo, lakini sijui nitamjibu nini.

Niulize nini, na nisiulize nini? Nikatae vipi bila kupigana na mtu gizani? Na je, siku nikimkatalia mtu aliyekwama kweli, nitajisameheje?

Fundi Mwenye Mashaka

*

Marahaba mwanangu,

Ulifanya sawasawa usiku ule, na nakwambia hivyo nikiwa nimezeeka katika kazi hii hii. Tena sababu haikuwa giza, wala ukuta aliousimamia, wala matusi yake. Watu waliokwama usiku husimama popote na huwa wakali. Jambo lililomaliza shauri ni moja: ulimpa njia nyepesi kabisa ya kufunguliwa, simu ya dakika moja, naye akaikataa kwa sababu mbili tofauti. Mume ambaye mkewe anajua alipo angekunyang'anya simu aipige yeye.

Mwenzako yupo sahihi kwa nusu. Kweli wewe si polisi. Polisi ana sheria nyuma yake, anaweza kumshika mtu na kumhoji mpaka asubuhi. Wewe huna uwezo huo, na ndiyo maana hupaswi kumchunguza mtu kama kweli ni mume wa fulani, kama wanapendana, kama wamegombana. Kazi yako ni ndogo kuliko hiyo. Unaomba uthibitisho kwamba huyu aliye mbele yako ana haki juu ya gari hili. Ukiupata, unafungua. Usipoupata, hufungui. Huhitaji kujua anakudanganya au hakudanganyi ili kuondoka pale. Na hao "wengine watakaofungua", wafungue kwa majina yao.

Lakini nataka ufikirie pia ni nani hasa anayemwita fundi kwa nia mbaya, kwa sababu mafundi wengi wanawaza mwizi wa magari. Mwizi wa magari mara chache atakupigia. Huvunja kioo, huiba ufunguo ndani ya nyumba, au huja na vifaa vyake vya kielektroniki vinavyodaka mawimbi ya ufunguo na kuyarefusha hadi kwenye gari. Anayemwita fundi mara nyingi ni mtu anayemfahamu mwenye gari: mume au mke waliotengana, mchumba aliyeachwa, ndugu wa mirathi, mtu anayedai deni, mshirika wa biashara iliyovunjika. Mtu wa namna hii ana majibu mazuri. Anajua rangi ya viti, anajua jina la mwenye gari, ana hata picha ya kadi kwenye simu, kama huyo wako.

Na mara nyingi hata gari lenyewe halitaki. Anataka kilichomo ndani. Kwenye gari la mtu kuna ufunguo wa nyumba, kuna rimoti ya geti, kuna hati ya kusafiria, kuna makaratasi ya kesi, kuna barua yenye anwani ya mahali alikohamia kwa kujificha. Tena wapo wasiotaka kuchukua kitu, wanataka kuacha: kifaa kidogo cha kufuatilia gari chini ya kiti, na kuanzia hapo mwanamke yule hana tena mahali pa kujificha. Mlango unafunguliwa kwa dakika chache, unafungwa, hakuna kioo kilichovunjika, mwenye gari hajui kama kuna mtu aliingia. Ndiyo maana wanatuita sisi. Fundi mzuri haachi alama, na ustadi huo unaoupenda wewe ndio anaoutaka yeye.

Kwa hiyo sikubaliani hata kidogo na wanaosema kufungua mlango ni jambo dogo.

Sasa kuhusu nini cha kuuliza. Kazi yote inaanza kwenye simu, kabla hujawasha pikipiki au gari lako. Uliza jina kamili, aina ya gari, rangi, namba ya gari, mahali lilipo. Halafu sema, kwa sauti ya kawaida na kwa kila mtu bila kuchagua: "Nikifika nitahitaji kuona kitambulisho chako na kadi ya gari. Kama viko ndani ya gari, niambie sasa hivi." Sema pia gharama ya safari, na kwamba inalipwa hata kama uthibitisho hautapatikana. Wenye nia mbaya wengi watakata simu hapo hapo, nawe utakuwa umeokoa mafuta na usingizi. Mwenye gari hatakasirika, kwa sababu hata yeye angependa gari lake lifunguliwe na fundi anayeuliza. Kama jina kwenye kadi si lake, utalijua ukiwa bado kitandani, na mtazungumza jinsi ya kumpata mwenye jina kabla hujatoka.

Ukifika, linganisha uso na kitambulisho, kitambulisho na kadi, kadi na gari. Usiishie kwenye pleti namba. Pleti hubadilishwa na yeyote mwenye bisibisi. Tazama namba ya chesisi. Kwa magari mengi yaliyotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 ina tarakimu na herufi 17, na ndani yake hutakuta herufi I, O wala Q, maana zinafanana mno na 1 na 0. Ukiiona moja ya hizo ndani ya namba yenye urefu huo, kuna mtu amekosea kuandika au ameghushi. Kwenye magari mengi namba hiyo inasomeka kwa nje, chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, na ipo tena kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, ambacho utakiona ukishafungua. Mbili hizo zikitofautiana, simama. Usiulize kwa nini zinatofautiana. Simamisha kazi tu.

Picha ya kadi kwenye simu isikutoshe peke yake. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kochi la nyumba ile angeweza kuipiga.

Najua utasema, mbona wengi hati zao zipo ndani ya gari? Kweli, na hao ndio wateja waaminifu wengi kuliko wote: pochi, simu na ufunguo vyote vimelala kwenye kiti. Usiwanyime. Kabla ya kufungua muulize vitu asivyoweza kuviona mtu wa nje. Kwenye droo ya dashibodi mna nini? Bima imeandikwa jina gani? Kwenye buti mna nini chini ya zulia? Andika majibu mbele yake. Mwambie wazi kwamba ukishafungua, wewe ndiye utakayeuchukua ufunguo, yeye atatoa leseni, na ufunguo utampa baada ya kuisoma. Akikubali, fungua, na ushike mlango. Yakilingana, mpe ufunguo wake na umtakie safari njema. Yasipolingana, rudisha kila kitu, funga gari, nenda mahali penye watu kisha upige simu polisi. Usimpokonye mtu kitu, usimzuie kuondoka.

Jina la kwenye kadi likiwa la mtu mwingine, mara nyingi pana maelezo ya kweli, na yote yana njia yake. Gari la kukodi lina mkataba wenye jina la aliyekodi. Gari la kazini lina ofisi nyuma yake, na hiyo ofisi ipigie kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, usiipige ile aliyokupa mteja, kwa kuwa namba anayokupa inaweza kuwa ya rafiki yake aliyekaa anasubiri kuitikia "ndiyo, ni dereva wetu." Gari la kuazima, mwenye gari apigiwe kwa video, aonyeshe uso wake pamoja na kitambulisho chenye jina la kwenye kadi. Gari lililonunuliwa na halijabadilishwa jina, uone mkataba wa mauzo na umpate muuzaji.

Wanandoa nimewaacha mwisho kwa makusudi, maana hapo ndipo mafundi wema wanapoteleza. Msimamo wangu ni huu: kadi ina jina la nani, huyo ndiye mteja wangu. Sheria za mali ya ndoa zinatofautiana nchi na nchi, na hata mawakili hubishana kuzihusu mahakamani kwa miezi. Wewe huwezi kuamua shauri hilo kwenye maegesho saa nne za usiku. Kama majina yote mawili yapo kwenye kadi, yeyote kati yao anaweza kukuita. Lakini hata hapo, ukiona wanagombania gari mbele yako, au mmoja anataja amri ya mahakama, ondoka. Labda ni kweli yule bwana walinunua gari wote wawili. Basi ana njia nyingine nyingi za kulidai, na hakuna hata moja inayohitaji wewe ufungue mlango mwenye gari akiwa hajui.

Ulilouliza mwishoni, kuhusu kumkatalia aliyekwama kweli, ndilo lililonifanya nikuandikie kwa kirefu.

Kwanza, usimsome mtu kwa sura. Nimeona mafundi wanawafungulia watu wenye suti bila swali lolote, kisha wanamhoji kijana mwenye ovaroli iliyochafuka grisi kana kwamba yupo kizimbani. Tapeli mzoefu ana subira, ana adabu, anatabasamu. Aliyekwama kweli anatokwa jasho, anapayuka, anachelewa ndege, wakati mwingine analia. Ukienda kwa sura utawaumiza wasio na hatia na kuwapitisha wale wale uliowaogopa. Maswali yawe yale yale kwa wote, kwa maneno yale yale. Hapo hata ukikataa, hujamhukumu mtu.

Pili, lipo jambo moja linalofuta maswali yote. Ndani ya gari kukiwa na mtoto, mzee asiyejiweza, au mtu yeyote aliyezidiwa, huombi kadi. Fungua sasa hivi. Gari lililofungwa juani, joto lake linaweza kupanda kwa takriban nyuzi 11 za Selsiasi ndani ya dakika 10 za mwanzo. Hata nje kukiwa na nyuzi 22 tu, ndani panaweza kupita nyuzi 40 katika saa moja, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu cha maana. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto kwa kasi mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima. Mwambie aliye karibu apige simu ya dharura wakati wewe unafanya kazi. Ukiona mtoto amelegea au haitiki, acha vifaa vyako, vunja kioo kilicho mbali naye. Makaratasi utayaona mtoto akishapata hewa. Mnyama aliyefungiwa juani naye usimwache.

Tatu, yupo mwanamke au mwanamume anayekimbia kipigo, gari ni lake, na kila karatasi imebaki ndani ya nyumba asikoweza kurudi. Huyu usimkatalie ukamwacha barabarani peke yake. Jina lake lipo kwenye daftari la usajili wa magari, na polisi wanaweza kulithibitisha kwa namba ya gari. Waite waje wasimame hapo, na umweleze kwamba unawaita kwa ajili yake. Kama anaogopa kuwaita, mpeleke kwanza mahali salama, kwa ndugu au kwa watu wanaohifadhi wanaoteswa. Gari linaweza kungoja mpaka kesho. Na ukishalifungua, mshauri akague chini ya viti na ndani ya buti, kwa sababu niliyokutajia.

Namna ya kukataa. Usiseme "wewe mwizi", wala usimwambie unachokishuku. Sema: "Utaratibu wetu hauniruhusu kufungua bila uthibitisho wa mwenye gari. Ukiupata nipigie, nitarudi." Ukisema utaratibu, unampunguzia sababu ya kugombana na wewe binafsi. Kama alitanguliza pesa, mrudishie zilizozidi gharama ya safari. Egesha chombo chako kikiwa kinatazama njia ya kutokea, usimpe mgongo, na usibishane juu ya pesa anazoongeza. Malipo yanayopanda kila unaposema hapana yanakuambia kitu, yasikilize. Ukifika mahali salama andika saa, mahali, namba ya gari na namba ya simu aliyokupigia. Picha yake usiirushe mitandaoni. Ukikosea utamharibia mtu maisha, na usipokosea utakuwa umemwonya.

Katika kisa chako kuna hatua moja imebaki, na bado unaweza kuichukua leo. Piga simu mapokezi ya hoteli ile, au nenda mwenyewe, uwaambie kuna mtu usiku ule alitaka gari lenye namba fulani lifunguliwe bila mwenyewe kujua. Wao ndio wanaoweza kumfikishia mwenye gari. Usiwaombe wakupe jina wala chumba cha mtu. Kama hawakusikilizi, toa taarifa kituo cha polisi kwa maneno hayo hayo, uliyoyaona na kuyasikia tu, bila kuongeza unachodhani. Mwanamke yule ana haki ya kujua kwamba kuna mtu alisimama kando ya gari lake akitafuta fundi.

Sasa kuchonga ufunguo, maana huko hatari ni kubwa kuliko kufungua mlango. Mlango unafunguliwa mara moja, ufunguo unadumu kwa miaka. Tangu miaka ya 1990 magari mengi yana chipu ndani ya ufunguo, na Ulaya magari mapya yalilazimishwa kuwa na imobilaiza, yaani kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo linaoutambua gari, tangu 1998. Ufunguo usiosajiliwa kwenye kompyuta ya gari utazungusha swichi bila kuwasha injini. Wewe unalijua hilo, lakini fikiria maana yake. Katika magari mengi unaposajili ufunguo mpya baada ya zote "kupotea", zile za zamani zinafutika. Ukimchongea asiyestahili, mwenye gari aliyepo mahali pengine na ufunguo wake mfukoni atakuta hauwashi tena. Utakuwa umemtoa kwenye gari lake kwa mkono wako. Kwa upande mwingine, mashine yako kwa magari mengi inakuonyesha gari linatambua funguo ngapi. Mteja akikuambia ulikuwepo mmoja tu na ukapotea, nayo mashine inasoma mbili, muulize huo wa pili unao nani.

Marekani kuna chombo kiitwacho NASTF chenye daftari la mafundi waliochunguzwa. Fundi asiyesajiliwa humo hapati kwa watengenezaji msimbo wa ufunguo wala namba za siri za imobilaiza, na aliyesajiliwa anatakiwa kuweka kumbukumbu ya kitambulisho cha mteja na haki yake juu ya gari kila anapoomba. Hata mahali ambapo hakuna daftari kama hilo, weka kumbukumbu hizo hizo: kitambulisho, kadi halisi, namba ya chesisi uliyoisoma mwenyewe kwenye gari, tarehe na sahihi. Zihifadhi mahali panapofungwa, kwa kuwa taarifa za wateja nazo zinaweza kuibwa. Usichonge ufunguo kwa picha uliyotumiwa. Usimtajie mtu msimbo kwenye simu hata akijitambulisha kuwa fundi mwenzako.

Kuhusu bosi wako, nenda ukazungumze naye kwa heshima, duka likiwa limetulia, mwenzako naye akiwepo. Usianze na maadili, ingawa ndiyo yanayokusumbua. Anza na duka lake. Mwambie gari lililofunguliwa na kuibwa likifuatiliwa, namba ya mwisho iliyopigwa na mtuhumiwa itakuwa ya duka. Siku hiyo mtaulizwa mlijua nini na mlitakiwa kujua nini, na fomu moja yenye sahihi, namba ya chesisi na nakala ya kitambulisho itazungumza kwa niaba yenu. Zipo sehemu, kama California na Texas, ambako fundi hafanyi kazi hii bila leseni ya serikali. Zipo nyingine, kama Uingereza, ambako mtu yeyote anaweza kujiita fundi wa makufuli kesho asubuhi. Mahali ambapo serikali haijaweka utaratibu, wa dukani kwenu ndio pekee uliopo. Mwombe auandike yeye mwenyewe, aubandike ukutani kwa jina la duka, na gharama ya safari isiyorudishwa iwemo, ili hofu yake ya kupoteza mapato ipungue.

Sisitiza kwamba utaratibu huo uwabane mafundi wote. Wewe ukikataa na mwenzako akifungua, yule bwana atapiga tena kesho na kumuulizia mwenzako kwa jina.

Imebaki habari ya kijana. Cheti cha kifo kinathibitisha baba amefariki. Hakithibitishi kwamba gari sasa ni la mwana huyu na si la dada yake au mama yake. Aliposema ndugu "wanachelewesha", amekueleza mwenyewe kwamba hawajakubaliana. Sitamwita mwongo, huenda kweli ameachiwa mzigo wote wa nyumba na gari analihitaji kwa shughuli za haki. Ila gari limesimama, halina mtu ndani, hakuna dharura. Akirudi, mpe pole ya msiba kwanza. Kisha mpe karatasi iliyoandikwa vinavyotakiwa: kadi halisi, kitambulisho chake, na hati ya kumtambua msimamizi wa mirathi kutoka kwa mamlaka inayohusika na mirathi huko mliko. Kama msimamizi ni mtu mwingine, aje yeye, au aandike barua na uithibitishe kwake moja kwa moja.

Mwulize pia, kwa upole, kama kuna ndugu mwenye ufunguo wa pili. Akiwepo, aje nao dukani: kunakili ufunguo uliopo ni kazi nyepesi na nafuu kuliko kuanza upya na gari lisilo na ufunguo hata mmoja, hakuna ufunguo wa mtu utakaolazimika kufutwa, na utakuwa umewaona ndugu wawili wamesimama mbele ya meza yako kwa jambo moja.

Mjomba